Mashine Iliyokataa Barua

Asubuhi ya Jumatatu, mwishoni mwa mwezi wa saba, mashine ilikataa barua. Syovata aliwasha kioo, akasubiri modemu ipige simu Mombasa na kulia kilio chake, kisha akaona mistari ya Kiingereza ikishuka na kusimama. Mstari wa mwisho ulisema diski imejaa. Hakuna barua iliyoingia na hakuna iliyotoka.

"Imekufa?" aliuliza mumewe, Makau, kutoka mlangoni. Alikuwa na nyundo mkononi, akitengeneza mlango wa nyumba ya mwisho.

"Haijafa. Imeshiba."

"Imeshiba nini, na sisi wenyewe tuna njaa?"

Kadzo, mpishi wao, alicheka huko jikoni. Syovata hakucheka.

Nyumba za Mkilifi zilikuwa sita, za wageni, zimeezekwa makuti, upande wa juu wa barabara ya Diani. Bahari ilisikika lakini haikuonekana. Tangu vurugu za mwaka wa tisini na saba wageni walikuwa wameadimika, mahoteli yakafunga milango, na sasa miaka miwili baadaye mwenye nyumba ndogo aliishi kwa barua. Mtu aliandika kutoka Ujerumani akauliza bei, Syovata akamjibu, wakakubaliana. Barua kubwa kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa Hamburg, Hannelore, aliyeleta kikundi cha wazamiaji kila Desemba na kuzijaza nyumba zote. Mzee Chirau wa Munje, mwenye ardhi, alikuwa amesema bila kuficha: Desemba ikijaa, mkataba unaendelea. Isipojaa, ardhi atampa mtu mwingine.

Kwa hiyo Syovata alichomoa waya wa modemu, akachomeka simu, akampigia Mbuvi.

Mbuvi alikuwa mdogo wake Makau, wa tumbo moja. Ndiye aliyeiunda ile mashine kuwa seva ya barua. Hoteli aliyofanyia kazi ilipofungwa, alipewa kompyuta kuukuu mahali pa mshahara. Akaja nayo kwa kaka yake kichwani kama mtu aliyebeba gunia, akaitia programu ya Linux kutoka kwenye diski iliyokuja na gazeti. Alilala kwao na kula kwao, na mwezi wa tano alipopata kazi kwa Kitsao, mwenye nyumba za wageni kule ufukweni, walimchinjia jogoo.

"Shikamoo, shemeji," Mbuvi alisema kwenye simu.

"Marahaba. Mashine yako imegoma. Inasema imejaa."

"Angalia faili la logi. Kila kitu mashine inachofanya inakiandika mle. Simu ikikatika inaandika, ikikasirika inaandika. Ndilo lililokula diski."

"Naliona. Kuna lalamiko moja linarudiwa na kurudiwa. Linasema folda ya mkilifi inaweza kuandikwa na kila mtu, si salama."

"Nani aliifungua?"

"Mimi. Kaka yako alikasirika."

Ilikuwa kweli. Mwezi wa sita Makau alikaa mbele ya mashine, akaandika jina lake, akataka kusoma barua za wageni, na mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa. Alisoma maneno hayo kwa sauti kubwa, akayarudia. Mtu aliyefukuzwa huko na huko kwa sababu ya kabila lake, aambiwe hana ruhusa na kompyuta, ofisini mwake mwenyewe. Katika nyumba ya Makau milango ya ndani haikuwa na kufuli. Mama yake aliwalea hivyo kule kwenye mashamba ya Shimba Hills: ndugu hamfungii ndugu, na anayefunga ana la kuficha. Syovata aliingia kwa neno la siri la mkuu wa mashine, akavifungua vyote kwa wote, kusoma na kuandika, na amani ikarudi.

Mbuvi alicheka. "Shemeji, Linux haijui ukoo. Ukiacha kila mtu aandike, programu ya barua inagoma. Inaona aibu kwa niaba yako."

"Lakini barua zimekuwa zikiingia tu, siku zote hizi."

"Zinachechemea. Wewe huoni, lakini zinachechemea. Sasa fanya ninavyokuambia. Kusoma, waachie wote, kaka asije akakasirika tena. Kuandika, awe mwenye folda peke yake. Halafu hilo logi lifute lote. Usipoteze wakati kulisoma, ni takataka."

Alimtajia amri herufi kwa herufi, naye akaipiga, akaisoma tena kabla ya kubonyeza.

"Ahsante, shemeji. Mungu akubariki."

"Si kitu. Msalimie kaka."

Syovata alikuwa amepiga taipu ofisini Kwale miaka mingi, na huko alizoea kwamba karatasi haitupwi kabla mtu wa pili hajaisoma. Alilinakili logi kwenye disketi kadhaa, akazifunga kwa mpira, akazitia kwenye kopo la biskuti. Ndipo akalifuta. Alipochomeka tena waya wa modemu, barua ziliingia mfululizo, na Makau aliyekuja kuangalia akampiga begani kwa furaha.

"Unaona? Ana kazi yake huko kwa Kitsao na bado anatutazama. Huyo ndiye ndugu."


Mwezi wa nane mvua kidogo ilinyesha, ukungu ukashika mashuka, na wageni waliokuwa wamekubali wakaanza kukataa. Mwalimu wa Munich alisema mipango imebadilika. Wazee wawili wa Uswisi hawakusema kitu. Waliacha tu kujibu. Syovata aliwaandikia tena kwa upole, akapunguza bei. Ajabu ni kwamba mwezi wa sita na wa saba, wakati mashine ilipokuwa ikilalamika, watu walikuwa wamekubali bila matata.

"Ni hofu," Makau alisema. "Wazungu wanasoma magazeti."

"Mwezi uliopita hawakuwa wakisoma?"

Makau aliokota nyundo yake akatoka.

Siku moja Mzee Chirau alikuja akiwa ameongozana na Kitsao. Mzee alikuwa mtu wa haya, na kofia yake aliishika mkononi muda wote.

"Salaam aleikum. Mama, tuwie radhi. Bwana Kitsao ameomba kutazama. Kutazama si kununua."

"Aleikum salaam. Karibuni," Syovata alisema, kwa sababu hakuna neno lingine.

Kitsao alizunguka nyumba moja baada ya nyingine. Alifungua mfereji, akaonja maji, akatema. Aliinua godoro kwa vidole viwili kutazama chini yake, na hakulirudisha sawa. Makau alimfuata nyuma akiwa amebeba kiti, na kila Kitsao aliposimama, Makau alikitua. Syovata aliyaona hayo akiwa ofisini. Alitamani mumewe akiweke chini kile kiti akikalie mwenyewe.

"Pazuri," Kitsao alisema mwishoni. "Na Desemba mnao wazamiaji wa yule mama. Tarehe kumi na tano hivi?"

"Nani amekuambia?"

"Ah, mama. Diani ni kijiji. Habari hutembea."

Mzee Chirau alitazama ardhi yake mwenyewe, akavaa kofia, akaaga.


Barua ya Hannelore iliingia baada ya hapo. Syovata aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma upya.

Mama yule alishukuru. Alisema amefurahi kwamba familia yao ina pia nyumba ufukweni, kwa sababu wazamiaji hupenda kuwa karibu na maji. Wale wa ufukweni walimwandikia wenyewe, wakamtajia tarehe zake zote na idadi ya watu wake, wakampa bei iliyo chini kidogo ya ile ya Syovata. Alidhani Syovata amejaa ndiyo maana amempeleka kwa ndugu. Alimtakia baraka, akaomba wasalimiwe wote.

"Kadzo," Syovata aliita. "Kuna mtu amewahi kukuuliza bei zetu?"

Kadzo alikuja akipangusa mikono. "Mimi, mama? Hata nikiulizwa, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu."

"Na Makau amewahi kuongea na mtu wa Kitsao?"

"Wanaume huongea na watu wengi," Kadzo alisema, akarudi jikoni haraka kuliko alivyokuja.

Syovata alichukua lile kopo la biskuti. Alitia disketi ya kwanza na kulifungua logi, akalisoma kama alivyosoma zamani rasimu za watu: neno baada ya neno, bila kudhani anajua kinachofuata. Ndipo akaona kwamba ule mstari hakuumaliza siku ile. Mashine haikuwa ikilalamika kuhusu folda tu. Ilisema kwamba kuna faili ndani ya folda ya mkilifi, faili la kupeleka barua mbele kwa mtu mwingine, na kwamba inakataa kulitii kwa sababu folda imeachwa wazi, na mtu yeyote angeweza kuwa ameliandika.

Yeye hakuwahi kuandika faili la namna hiyo. Jina lake lilianza kwa nukta. Faili linaloanza kwa nukta halionekani ukiomba orodha ya kawaida, lazima uombe vyote. Akaomba vyote. Lilikuwapo. Akalifungua, na ndani mlikuwa na mstari mmoja wenye anwani mbili. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya Mbuvi.

Kila barua iliyokuja Mkilifi ilitengenezwa mbili. Moja ilibaki kwake, ya pili ikaenda kwa Mbuvi. Na wageni wake, wakijibu, waliacha barua yake chini ya jibu lao, na bei zake zote na maneno yake yote ya kubembeleza. Isipokuwa mwezi wa sita na wa saba. Miezi ile mashine ilikataa. Uzembe wao, milango yao isiyo na kufuli, ndiyo iliyowalinda, mpaka asubuhi ile alipompigia simu shemeji yake, naye akamtajia amri herufi kwa herufi, na yeye akasema ahsante.

Alimwita Makau akamwonyesha. Makau aliinama, akatazama kioo, akatazama tena.

"Hilo ni jina tu la Mbuvi."

"Ni anwani yake. Barua zetu wanazisoma yeye na Kitsao."

"Labda aliweka kwa nia njema."

"Hannelore yuko wapi kwa nia njema?"

Makau alinyooka. "Atakuja Jumapili kula. Ataulizwa kwa heshima. Mtu hashtakiwi na kompyuta, Mama Kavita."


Jumapili Mbuvi alikuja na mkate wa boflo na soda. Kadzo alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na kunde, chakula cha Kikamba, kwa kuwa Makau aliagiza. Mbuvi alikula kwa hamu. Alisifu. Alimtania Kadzo kwamba Mgiriama akipika muthokoi vizuri namna hii, itabidi Wakamba watafute chakula kingine.

Syovata alingoja anawe mikono.

"Shemeji. Lile faili lenye nukta, uliliweka lini?"

Mbuvi alikausha vidole kimoja kimoja. "Lipi?"

"Linalokuletea barua zetu."

"Ah, hilo. Niliweka nikiwa bado naishi hapa. Nikitoka safari niweze kuona kama mashine inafanya kazi. Ni la kupimia tu."

"Ulipohamia kwa Kitsao, mbona hukuliondoa?"

"Nilisahau."

"Ukasahau, na barua zikaendelea kuja kwako, na hukukumbuka."

Mbuvi alimtazama kaka yake. Makau alikuwa akitafuta kitu ndani ya kunde.

"Na siku nilipokupigia," Syovata alisema, "ukaniambia nifunge folda. Ukaniambia nifute logi nisilisome. Ulijua kwa nini lilikuwa limejaa."

"Shemeji, nisikilize kwa utulivu. Ulitaka mashine ifanye kazi. Si imefanya? Mimi sikuvunja mlango wala dirisha. Sikuwa hata hapa. Aliyebonyeza ni wewe."

Kadzo, aliyekuwa akiondoa sahani, alisimama nazo mkononi.

Syovata alimgeukia mumewe. Alingoja. Miaka yote ya ndoa hakuwa amengoja neno namna ile, hata siku waliyotoka Likoni na godoro moja. Makau alisema, "Kadzo, lete chai."

Chai ilikuja. Mbuvi alitia sukari, akakoroga muda mrefu.

"Kaka, afadhali tumwambie."

"Mwambie wewe."

"Niambiwe nini?" Syovata aliuliza.

"Kitsao anataka kuchukua hapa," Mbuvi alisema. "Mzee Chirau yuko karibu kukubali. Lakini Kitsao si mtu mbaya. Kaka atabaki kuwa meneja, kwa mshahara. Mimi nitasimamia barua za pande zote mbili. Na wewe, shemeji, hutafukuzwa. Utasimamia mashuka na wafuaji. Ni kazi nzuri, ya kivulini."

"Mliongea lini hayo?"

Mbuvi aliinua kikombe chake.

"Makau. Mliongea lini?"

"Nilikutana naye Kombani, nilipokwenda kununua misumari," Makau alisema. "Hatukuongea mengi."

"Kabla Kitsao hajaja kuinua magodoro yangu, au baadaye?"

"Kabla."

Sasa Syovata alielewa kile kiti. Mumewe hakukibeba kwa woga tu. Alikuwa akimkalisha tajiri wake mpya.

"Mambo ya faili sikuyajua," Makau alisema. "Haki ya Mungu, hayo sikuyajua. Lakini sikiliza. Mwaka ule karatasi zilitupwa mlangoni kwetu, tukaambiwa tuhame. Tulikimbia. Tumerudi, kila usiku nasikiliza. Mimi nimechoka. Kitsao ni mtu wa hapa. Chini yake hakuna atakayetugusa."

"Mzee Chirau naye ni wa nchi gani? Nani alitulaza nyumbani kwake Munje wakati ule, Kitsao?"

"Chirau ni mzee. Kesho hayupo."

"Nawe ukaniuza kwa mashuka."

"Usiseme hivyo mbele ya mgeni."

"Mgeni ni nani hapa?" Syovata aliuliza, akainuka.


Hakupiga kelele, na hilo lilimtia Makau wasiwasi zaidi. Alikwenda ofisini. Kwanza alilifuta lile faili. Kisha akabadilisha neno la siri la mkuu wa mashine, na lake mwenyewe. Halafu akaichukua folda ya mkilifi, yenye barua zote na anwani za wageni wote, akaifunga: kusoma mwenyewe, kuandika mwenyewe, wengine wasipate kitu. Alimwandikia Hannelore ukweli wote kwa maneno machache, bila kumwomba arudi. Baada ya hapo alijifunga leso na kwenda Munje kumwona Mzee Chirau mwenyewe, mwanamke peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama," alisema, "mimi mkataba niliandikiana na mume wako. Akikubali kuondoka, mimi nitamzuia vipi?"

"Naomba usitie sahihi na Kitsao mpaka Desemba."

"Bwana Kitsao anataka anwani za wale wageni. Amesema bila hizo nyumba hizi kwake ni makuti tu, hazichukui." Alifikiri. "Nitangoja. Lakini sikuahidi zaidi ya kungoja."

"Ahsante, mzee."

Aliporudi jua lilikuwa bado kali. Makau na Mbuvi walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya wageni, kimya, na walipomwona walianza kuongea kuhusu mpira. Kadzo alimpokea mfuko mlangoni.

"Walikuwa ofisini," alinong'ona. "Wote wawili. Muda mrefu. Walitoka wamekasirika."

Syovata aliingia, akaurudishia mlango. Kioo kilikuwa bado na joto. Aliingia kwa neno lake jipya, akafungua logi.

Lilikuwa limeandika yote kwa utulivu wake. Makau ameingia. Makau ameomba folda ya mkilifi, hana ruhusa. Makau ameomba tena, hana ruhusa. Hapo alimwona mumewe kabisa, akipiga herufi kwa kidole kimoja, akilisoma jibu kwa sauti. Kisha jina la Mbuvi. Mbuvi alijaribu kuingia kama mkuu wa mashine, neno la siri si sahihi, akajaribu na kujaribu, mpaka akaacha. Hayo Syovata aliyategemea.

Chini yake kulikuwa na jina jingine, na hilo hakulitegemea. Lilikuwa lake. Syovata amejaribu kuingia, neno la siri si sahihi. Syovata, si sahihi. Syovata, si sahihi. Mstari juu ya mstari, wakati yeye alikuwa Munje akimwomba mzee awangoje.

Logi halikuandika maneno waliyojaribu. Lakini aliweza kuyajua. Mbuvi asingeyajua. Siku na saa aliyozaliwa Kavita, mtoto wao wa kwanza. Jina la mama yake Syovata, marehemu. Jina la kijiji alikozaliwa. Mambo ambayo mtu mmoja tu duniani alikuwa ameyahifadhi, na ambayo leo aliyatoa moja moja, akamsomea ndugu yake ayapige.

Alichukua disketi safi, akalinakili logi, akaiandika tarehe kwa kalamu, akaitia kwenye kopo pamoja na zile nyingine. Kisha akaanza kujibu barua za watu waliotaka kuja mwezi wa Januari.

Nyuma yake mlango uligongwa. Tangu wahamie nyumba ile, mlango huo haukuwahi kugongwa na mtu wa ndani.

"Hodi," Makau alisema.

Syovata aliendelea kupiga taipu.

"Mama Kavita. Hodi."

Mlango haukuwa na kufuli. Alikuwa ameurudishia tu, na kidole kimoja kingetosha kuusukuma. Makau alibaki nje, mkono wake juu ya ubao, akingoja kuambiwa karibu.